Mrejesho: bosi aliyenikata mshahara kwa madumu yaliyopotea

Wakuu, salaam kutoka Dodoma. Mwezi uliopita niliwauliza: ghala la alizeti ninakofanya kazi limepotelewa na madumu manne ya mafuta, ya lita 20, na bosi akakata mshahara wangu wote bila hata kuniuliza. Mkaniambia nisome Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28. Nimesoma. Mwajiri akidai hasara, kosa lazima liwe langu, anieleze kwa maandishi, anipe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara.

Nilimfuata jioni akihesabu hela. "Mzee, naomba usome hapa." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kimya. Kisha akasema leta daftari. Tukakaa juu ya magunia ya mashudu tukapitia risiti moja moja. Kumbe madumu mawili alichukua mteja wa Kibaigwa kwa mkopo. Bosi mwenyewe ndiye aliyeyatoa na hakuandika! Mawili mengine, niseme ukweli, ni uzembe wangu: nilitoka kwenda kula chipsi nikaacha mlango wazi. Hilo sikuwaambia mara ya kwanza, mnisamehe.

Tumeandikishana: hayo mawili nalipa kwa miezi mitatu. Pesa iliyobaki kanitumia kwa simu usiku uleule. Mkataba wa ajira ndio bado ananizungusha, eti "wiki ijayo". Yule aliyenishauri niende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile inayoshughulikia migogoro ya kazi, namba ya ofisi yao ninayo.