Mrejesho: bustani ya mtaa iliyozungushiwa mabati

Niliwauliza tufanyeje baada ya bustani ya umma mtaani kwetu, Nairobi, kuzungushiwa mabati na kusemekana imeuzwa. Waliosema tutafute karatasi kabla ya kupiga kelele, asanteni sana. Ramani ya asili ya mtaa imeandikwa wazi kwamba pale ni mahali pa umma pa kupumzikia.

Jirani yetu wakili (tulimlipa chai na mandazi tu) akatuonyesha Kifungu cha 70 cha Katiba ya 2010: anayetetea haki ya mazingira safi halazimiki kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyeumia. Mimi nilidhani bila hatimiliki husikilizwi! Tukaenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, tukapata amri ya muda ya kusimamisha ujenzi.

Mzee mmoja akatukumbusha bustani ya umma ya Uhuru Park hapa Nairobi mwaka 1989, mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 lisijengwe humo, akakejeliwa mpaka Bungeni. Jengo halikujengwa.

Kesi itatajwa tena mwezi ujao. Mabati bado yapo, ila watoto wameshatoboa njia, mpira unachezwa.