Mjadala: Wachunguzi wa SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii, bima ya afya ya taifa Kenya) wachukue mafaili ya wagonjwa bila amri ya korti?

Mlipaji wa Thika: Tangu Agosti 2025, Waziri wa Afya Aden Duale alipotangaza kufungiwa kwa hospitali zinazodai malipo ya wagonjwa hewa, hili linanikera. Natozwa 2.75% ya mshahara. Mtu katibiwa malaria kaenda zake nyumbani, anaandikwa alilazwa, na kitanda cha Level 4, yaani hospitali ya ngazi ya kaunti ndogo, ni shilingi 3,360 kwa siku. Wachunguzi waandike wenyewe hati ya kudai rekodi na kubeba mafaili. Wakingoja hakimu, chati zitakuwa zimeandikwa upya. Na hivi vizahanati vya vyumba viwili mashinani ndivyo vichaka vya wizi.

Binti Kilifi: Faili la kliniki ya wajawazito lina majibu ya virusi vya Ukimwi. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda siri hiyo. Nani atalisoma huko ofisini?

Muuguzi: Vichaka vya wizi? Umetaja kitanda cha Level 4, kisha matusi unatushushia sisi! Niko kwenye hivyo vyumba viwili. Stima ikipotea nazalisha kwa tochi ya simu. Njoo uone.

Mlipaji wa Thika: Dada, sijakutaja.

Muuguzi: Umetutaja sote.

Wakili Mvita: Turudi kwenye swali. Marekani kuna sheria, nadhani ya 1996, inayoruhusu Idara ya Haki kudai rekodi kwenye ulaghai wa matibabu bila kupitia kwa jaji. Lakini anayedaiwa anaweza kupinga. Septemba 2025 jaji wa Boston alifuta hati iliyodai mafaili ya Boston Children's Hospital, akasema lengo lake halikuwa halali. Hata wao wameacha mlango wa korti wazi.

Mlipaji wa Thika: Wakili, wezi wetu hawako Boston. Enzi za NHIF, bima iliyotangulia SHA, tulingoja korti, tukapata nini?

Karani wa Madai: Muuguzi ana haki ya kukasirika. Madai halali tuliyotuma yamekaa miezi bila kulipwa, wenye duka la dawa wamegoma kutukopesha. Ukaguzi uanze na SHA yenyewe!

Muuguzi: Asante, kaka. Glavu tunanunua kwa mifuko yetu.

Binti Kilifi: Hamjanijibu kuhusu mama mjamzito mwenye lile faili.

Mlipaji wa Thika: Karani, hayo madai yenu ni ya kiasi gani kwa mwezi? Weka hapa tuyaone.