Eti "hata muosha glasi wake hawezi kuikumbuka"? MUOSHA GLASI NI MIMI!

Wakuu, naandika mkono unatetemeka, herufi zikiruka mnivumilie.

Yule mhariri. Simtaji, mnamjua wenyewe, yule anayepita kwenye makala za watu kama mgambo wa jiji kwenye meza za machinga. Leo kaikuta makala yangu kwenye Wikipedia, kamusi elezo ya mtandaoni, ile ya baa ya mashoga ya mtaani kwetu hapa Portland, Oregon. Kaipachika kibandiko cha kufutwa, mjadala siku saba. Sawa, kufutiwa nimezoea. Lakini sababu aliyoandika sasa! "Ni baa ya mtaani tu, hata muosha glasi wake hawezi kuikumbuka."

Muosha glasi. Wa baa ile. Mimi hapa! Nimeshuka Marekani, kazi ya kwanza ni sinki la pale, vidole vikachubuka mpaka mashine ya alama za vidole ya uhamiaji ikanikataa. Nakumbuka hadi bomba lililokuwa linavuja. Nakumbuka glasi moja yenye ufa mdomoni, alikuwa anainywea mzee mmoja kila Jumanne. Alipofariki ikapandishwa rafu ya juu, na aliyeruhusiwa kuigusa ni mimi tu, kufuta vumbi. Halafu mtu aliyekaa kwao na soksi anasema siwezi kukumbuka!

Eti si Stonewall, ile baa ya mashoga ya New York iliyowasha harakati za haki zao. Nani kasema ni Stonewall? Na hiyo Stonewall kabla polisi hawajaivamia usiku wa kuamkia tarehe 28 Juni 1969 ilikuwa nini? Baa ya mafia, nyuma ya kaunta hakuna maji ya bomba, glasi inachovywa kwenye beseni anamiminiwa mwingine. Leo ni eneo la kumbukumbu la taifa tangu 2016. Sisi tulikuwa na maji ya moto! Huyu jamaa angekuwepo 1968 angeandika "ifutwe, haina bomba".

Hapa hapa Portland kuna ukumbi wa Darcelle XV, wa maonyesho ya wanaume waliovaa kike, wa tangu 1967, umeingia orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria 2020, una ukurasa na hakuna anayeugusa. Yetu imeandikwa na gazeti la wiki na jarida la mashoga la hapa mjini. Kasema "vyanzo vya mtaa". Baa ya mtaa mlitaka iandikwe na gazeti la Beijing?

Muosha glasi!!! Njooni mpige kura ibaki.

Kijiwe_Nongwa: Nimevuta kigoda. Endelea kutoa povu mkuu, si ndiyo fani yako.

BabuWaVitabu: Kijana, kwanza ule mjadala si kura. Anayeufunga anapima hoja, hahesabu vichwa, na ukikusanya watu humu waende kupiga kelele unajiharibia mwenyewe. Pili, biashara zina kanuni kali: gazeti la mtaa peke yake halitoshi, lazima walau chanzo kimoja cha ngazi ya jimbo au taifa kilichoizungumzia kwa kina. Baa ya Julius' ya New York haikuingia kwa sababu ya bia. Mwaka 1966 wanaharakati waliingia wakatangaza kuwa wao ni mashoga, wakanyimwa kinywaji, magazeti yakaandika. Yenu ilifanya nini?

Mleta uzi: Ilinilipa mshahara, Babu. Na glasi zote nazikumbuka!

DadaTandale: Ngoja kwanza. Umefanya kazi pale, na makala umeandika wewe? Ulisema huko kwamba una maslahi nayo?

Mleta uzi: Nilikuwa kwenye sinki, sikuwa na hisa!

DadaTandale: Hahahaaa jamani. Kafutwe tu.

Mwana_Kigamboni: Kwani siku hizi humu tunajadili baa za mashoga? Moderata yuko wapi?

Kijiwe_Nongwa: Uzi ni wa vyanzo, ndugu. Hukuitwa.

Zumari_la_Tanga: Afadhali wewe una gazeti la wiki. Mimi niliandika kikundi cha taarabu kilichochezesha Tanga nzima miaka ya 80, kikafutwa eti "sioni kitu intaneti". Magazeti ya miaka ile yako kwenye maboksi, wasomaji wake ni panya. Na kanuni inakubali gazeti la karatasi! Nani atakwenda kupekua? Huku kata zina kurasa zao, mistari mitatu mitatu, kimya.

KataNiYetu: Kata usiziguse. Yangu niliiandika mwenyewe. Mistari minne.

Zumari_la_Tanga: Wa nne unasema nini?

KataNiYetu: Msimbo wa posta.

Mpishi_wa_Zamu: Mleta uzi, mimi nimekwama kwenye sabuni. Glasi ya bia ukiiacha na sabuni au mafuta, povu la bia halikai. Mlikuwa mnaosha vipi mpaka vidole vichubuke?

Mleta uzi: Sinki tatu, bosi. La kuosha, la kusuuza, la dawa ya kuua vijidudu. Hiyo dawa ndiyo iliyonimaliza. Lakini tusitoke kwenye mada, huyu mtu kaniita

Mpishi_wa_Zamu: Na kukausha? Taulo?

Mleta uzi: Taulo linaacha nyuzi! Unazipindua kichwa chini juu ya wavu zinakauka zenyewe.

Zumari_la_Tanga: Sisi nyumbani tunafuta na khanga.

Mpishi_wa_Zamu: Khanga mpya au iliyochoka?

Zumari_la_Tanga: Iliyochoka. Mpya haifyonzi maji.

DadaTandale: Mpya unaifua mara mbili na chumvi kwanza, nani kakufundisha wewe?