Naomba ushauri: Pulau Ubin na mama asiyeweza baiskeli, inawezekana?

Mwanapwani
Habari zenu wadau. Nipo Singapore kwa mafunzo ya kazi, na mama amekuja kunitembelea. Jumamosi nina nafasi. Maghorofa tumeyaona ya kutosha, nataka nimpeleke Pulau Ubin, kisiwa kidogo cha hapa Singapore, akaone shamba kidogo. Tatizo ni magoti: kwenye tambarare anatembea vizuri, polepole, lakini baiskeli hawezi, na kila ninachosoma kuhusu kisiwa hicho ni baiskeli tu. Tukienda bila baiskeli tutaona nini? Halafu sisi ni Waislamu, chakula tutapata wapi?

Baharia Mkongwe
Mpeleke, binti yangu. Pandeni basi namba 2 kutoka stesheni ya Tanah Merah, mshuke Changi Village. Gati la Changi Point liko hapo karibu. Boti hazina ratiba, zinasubiri watu 12 watimie. Nauli ni dola 4 za Singapore kwa kila mtu, taslimu. Msipotaka kusubiri, lipieni viti vilivyobaki. Maji mnavuka kwa robo saa hivi. Angalieni tu foleni, maana gatini hapo kuna pia boti za Pengerang, na huko ni Malaysia.
Kwa magoti ya mama, kazi ni kuingia na kutoka botini. Boti inacheza. Tangulia wewe, kisha umpe mkono.

Mpiga Pedali
Mimi naona bila baiskeli mtaambulia kipande tu. Raha ya Ubin ni kuzunguka machimbo ya zamani ya granaiti, sasa yamejaa maji na korongo wametua kwenye miti. Machimbo ya mwisho yalifungwa 1999, na watu wengi walikuwa wameshahama.

Ua la Mkoko
Mkuu, kipande chenyewe ndicho kizuri! Dada, msihangaike na machimbo. Pale kijijini, ukitoka gatini, kuna magari madogo ya kukodi. Elewaneni na dereva bei ya kwenda na kurudi, awapeleke Chek Jawa. Kwa miguu ni kama kilomita tatu na kuna vilima, mama asijaribu.
Chek Jawa ni pwani ya mikoko, mchanga, majani ya bahari na mawe, vyote mahali pamoja. Mwaka 2001 serikali ilikuwa ifukie eneo lile liwe nchi kavu. Wananchi na wanasayansi wakapaza sauti, mpango ukaahirishwa, na 2007 ikafunguliwa njia iliyoinuliwa juu ya maji. Njia hiyo ni tambarare, mama ataimudu. Mnara wa kutazamia panda wewe peke yako, ngazi zake ni nyingi. Tazameni juu pia, hondohondo wapo. Na pale mwanzoni kuna nyumba ya mtindo wa Kiingereza, ya miaka ya 1930, mnaweza kupumzika kwanza.
Lakini nawasihi, nendeni maji yakiwa yamekupwa. Yakijaa mtaona bahari tu, kaa na viumbe wengine wote wamefunikwa.

Mama Wawili
Chakula: kuleni Changi Village kabla ya kuvuka. Pale kwenye vibanda vya chakula kuna nasi lemak ya Wamalay, wali wa nazi, na vibanda vyenye alama ya halali ni vingi. Kisiwani kunyweni madafu. Mashine ya kutolea pesa hakuna, kwa hiyo bebeni noti. Mfuko wa plastiki msiushike mkononi, tumbili wa kule wanapora. Nguruwe mwitu mkiwaona wapisheni, msiwape chochote.

Mwanapwani
Asanteni sana, mmenitoa wasiwasi. Nimeangalia jedwali la maji, Jumamosi yanakupwa saa 10 alasiri, hadi mita 0.4. Si tutachelewa?

Ua la Mkoko
Mita 0.4 ni nzuri sana, wenyeji wanashauri 0.5 kushuka chini. Fikeni Chek Jawa saa 9, maji bado yanatoka. Lango linafungwa saa 12 jioni, ila nyinyi tokeni saa 11, na dereva mumwambie mapema awafuate saa hiyo. Jioni abiria wanapungua na kutimiza 12 kunachukua muda. Mvua za alasiri huja na radi, bebeni mwavuli, na ngurumo zikianza ondokeni kwenye ile njia ya juu ya maji.

Baharia Mkongwe
Mama apewe shikamoo yangu. Akae katikati ya boti, pembeni maji yanaruka.