Hati iliyokaa kwenye droo ya vikombe

*Kikundi: Wana wa Bi Salama (Mombasa – Houston)*

JUMAMOSI

Zuhura: Asalaam aleikum nyote. Mama shikamoo. Nilikuwa natafuta pasipoti yako kwenye droo ya vikombe nikakuta ile hati ya nyumba ya hapa Houston uliyotia sahihi mwezi wa tatu. Mbona iko humu?

Mama: Marahaba. Ningeiweka wapi tena? Humo ndimo vitu vya maana vinamokaa.

Zuhura: Ilitakiwa iende kwa karani wa kaunti, Mama. Haijaandikishwa.

Mama: Si imepigwa muhuri? Yule kijana alibonyeza mpaka meza ikalia.

Swaleh: 😂😂 Huo ni muhuri wa notari, Mama. Yeye anashuhudia kwamba aliyetia sahihi ni wewe, basi. Kaunti ni kwengine.

Ami Athman: Waaleikum salaam. Ngojeni kwanza. Nyumba si tayari iko kwa jina la mama yenu? Hiyo hati ni ya nini?

Zuhura: Shikamoo Ami. Iko kwa jina lake, ndiyo. Hii ni hati ya kurithisha. Texas wanaikubali tangu 2015. Mama anabaki mwenye nyumba mpaka mwisho wake: akitaka kuuza anauza, akitaka kuifuta hati anaifuta, sisi hatuna hata msumari humo. Siku akiondoka, nyumba inatujia mimi na Swaleh bila kesi ya mirathi mahakamani. Lakini lazima iwe imeandikishwa katika kaunti ilipo nyumba, na yeye akiwa HAI. Akitangulia kabla haijafika kwa karani, hiyo ni karatasi ya kufungia visheti.

Mama: Mnanizika hata chai sijanywa.

Nasra: Umri mrefu Mama Mkubwa 🤲

Ami Athman: Sasa mkiandikisha mnapewa hati mpya yenye majina yenu?

Swaleh: Hapana Ami. Wanaiskani, wanaitia namba na tarehe, wanakurudishia ile ile yako.

Ami Athman: Na nani anakagua kama yaliyoandikwa ni kweli?

Swaleh: Hakuna.

Ami Athman: HAKUNA?

Zuhura: Karani anaangalia kama kuna sahihi, muhuri wa notari, na ada. Hasemi nyumba ni ya nani. Anachosema ni kwamba karatasi hii ililetwa hapa siku fulani, anayetaka aje aisome. Ukitaka kujua mwenye nyumba, unafuata hati moja baada ya nyengine, aliyeuza na aliyenunua, unarudi nyuma miaka na miaka. Ndiyo maana watu wakinunua nyumba huku wanalipia bima ya umiliki, isije ikazuka hati ambayo hawakuijua.

Ami Athman: Yaani mimi naweza kwenda na karatasi kwamba nyumba ya jirani ni yangu, wakaipokea?

Swaleh: Ukighushi sahihi yake na ukampata notari wa kukupigia muhuri, wataipokea. Jela utaenda baadaye.

Ami Athman: Subhanallah. Huku Kenya msajili wa ardhi ndiye mwenye neno. Jina likishaingia kwenye rejista yake, mahakama inaanzia hapo. Na msajili mwenyewe ni wa wizara, si wa kaunti. Kaunti yetu inatujua siku ya kudai ushuru wa kiwanja tu.

Ami Athman: Na jambo jengine. Kuwagawia sawasawa mwanamume na mwanamke, tena kwa kitu kinachosubiri kifo. Wasia kwa mrithi una maneno yake. Mmemuuliza sheikh?

Mama: Athman, hilo nipigie simu.

Ami Athman: Naam shemeji.

Zuhura: Jamani. Nimeisoma tena. Pale pa kueleza nyumba tumeandika anwani ya posta tu.

Swaleh: Kwani nyumba haijulikani kwa anwani?

Zuhura: Na postamani, ndiyo. Hati inataka maelezo ya upimaji: namba ya kiwanja, bloku, jina la eneo lilivyosajiliwa kwenye ramani ya kaunti. Yako neno kwa neno kwenye hati aliyopewa Mama aliponunua, ni ya kunakili tu. Karani asingetwambia kitu! Angechukua pesa akagonga namba, kisha mkagombana na mawakili miaka ishirini mbele.

Swaleh: Basi tunaandika upya. Mama, Jumatatu tunarudi kwa kijana wa muhuri.

Mama: Mwambieni mara hii asiivunje meza.

JUMANNE

Swaleh: Imekubaliwa, Harris County, kaunti yetu ya Houston. Kurasa 3: dola 25 wa kwanza, 4 kwa kila unaofuata. Jumla 33. Nimetuma picha, namba iko pale juu kuliani.

Ami Athman: Thelathini na tatu tu? Na ushuru wa stempu?

Swaleh: Texas hakuna, Ami.

Ami Athman: Huku kuhamisha kiwanja cha mjini ni asilimia 4 ya thamani, shamba asilimia 2. Nyinyi mnaibiwa karatasi lakini pesa mnaachiwa 😄

Nasra: Ami leo ameamka na ulimi.

WIKI MBILI BAADAYE

Mama: Zuhura, imekuja barua ina picha ya tai na mistari myekundu. Wanataka dola 100 na kitu wanipe nakala ya hati yangu. Tarehe ya mwisho Ijumaa. Nimeshatoa kitabu cha hundi.

Zuhura: MAMA USIANDIKE HUNDI

Zuhura: Hao si kaunti. Hati zote ziko wazi kwa umma, kwa hiyo wanaokota majina ya walioandikisha juzi na kuwatumia barua za kutisha. Soma kwa herufi ndogo chini kabisa.

Mama: Miwani yangu haifiki huko chini.

Mama: Nasra amenisomea kwenye picha. Ati "sisi si shirika la serikali". Wana haya kidogo basi, wameandika.

Swaleh: Nakala ukitaka nitakuchukulia kwa karani mwenyewe, kila ukurasa ni dola moja. Na hati yenyewe umeiweka wapi?

Mama: Kwenye droo ya vikombe.