Ushauri: Sinema yetu ya eliani wa Menengai, watu wamecheka badala ya kuogopa

Kijana wa Bondeni (Nakuru)

Wadau, habari za jioni. Naomba ushauri, na tafadhali msinionee huruma.

Mimi na wenzangu tumetengeneza sinema ya kutisha ya dakika 47. Kuna kitu kinaanguka usiku ndani ya kreta ya Menengai, wafanyakazi wa visima vya mvuke wanadhani kisima kimelipuka, kisha wapangaji wa ploti moja ya mtaa wa Rhonda wanaanza kupotea mmoja mmoja. Pesa yote haikufika laki moja na nusu, na nyingi ililiwa na kukodi kamera na taa. Eliani mwenyewe tulimshona kwa tyubu za lori na jaketi za ngozi za mtumba. Ule ute unaomtoka mdomoni ni mboga ya mrenda iliyopikwa kwa magadi.

Tumeionyesha Nakuru na Kisumu. Hapa Nakuru, katika ukumbi mmoja wa mtaani, eliani alipojitokeza mlangoni mtu alipaza sauti kutoka nyuma: "Huyo si soja wa geti!" Ni zile gambuti tulizomvalisha. Watu walivunjika mbavu, na tangu hapo hata mhusika akiliwa, wao ni kicheko tu. Kisumu, kwenye kibanda cha video huko Nyalenda, walicheka pia, ila kuna mahali walinyamaza kabisa: pale mbwa wote wa mtaa wanapoacha kubweka kwa mpigo mmoja na kitu kinaanza kutembea juu ya mabati. Hapo eliani haonekani. Mama mmoja alimbeba mtoto wake akatoka nje.

Maoni tuliyokusanya hayaelewani. Wako wanaosema vazi ni aibu, wako wanaosema vazi ndilo utamu wenyewe. Dada mhusika mkuu, wengine wanamsifu, wengine walimchoka kabla hata hajaingia hatarini. Tumebakiwa na pesa ya kurekodi siku mbili hivi. Tushone eliani mwingine? Tukate sehemu zake? Au tuipandishe YouTube jinsi ilivyo na tuiite vichekesho?

Fundi Sauti (Kisumu)

Kaka, usishone chochote. Kata.

Yule kiumbe wa sinema ya *Alien* ya mwaka 1979 alikuwa Mnigeria, Bolaji Badejo, mwanafunzi wa sanaa London, urefu wake umezidi mita mbili. Walikuwa na studio, walikuwa na mamilioni ya dola, walikuwa na mtu mwenye umbo ambalo wewe huwezi kulipata Rhonda nzima. Na bado mwongozaji, Ridley Scott, alimwonyesha vipande vipande: mkono, taya, kichwa gizani. Alijua mtazamaji akipewa nafasi ya kumkagua mzima mzima ataona mtu ndani ya vazi. Ninyi mmemsimamisha mlangoni, taa imemmulika hadi miguuni. Hata wale wangechekwa.

Mimi kazi yangu ni sauti, kwa hiyo nitaongea ya kwangu. Nyalenda walinyamaza kwa sababu ya mabati. Hapo mlipata bure kitu ambacho wengine wanakitafuta kwa pesa. Ongezeni hicho. Panda upande wa msitu wa Mau usiku ukamrekodi perere. Mtu asiyemjua yule mnyama akimsikia kwa mara ya kwanza anaapa kuna binadamu ananyongwa juu ya mti, kumbe ni kitu kidogo hakizidi paka. Halafu ukingoni mwa kreta, siku kisima cha mvuke kinapofunguliwa ili kipimwe, ule mvumo unaunasa ukiwa mbali bila hata kusogelea uzio wa watu. Changanya hizo mbili, uzishushe kasi kwenye kompyuta, umepata koo la eliani wako.

Na uondoe muziki. Nimeusikia: kila mara kabla ya jambo kutokea, kinanda kinatangulia kunipasha habari.

Omwami wa Mbale

Mimi niliitazama Nyalenda, na shida yangu ni moja tu. Mrenda. Mimi Mluhya. Eliani anadondosha mboga, mimi natafuta ugali uko wapi.

Ute wenyewe hauna neno, unavutika vizuri. Kosa ni rangi na yale majani. Chemsha, chuja kwa kitambaa chepesi mara mbili, tia rangi nyeusi ya chakula kidogo. Na msiuache mpaka asubuhi, unakuwa maji.

Jamaa wa Kondele

Ita vichekesho, maliza mchezo. Wale jamaa wa Wakaliga kule Kampala walitoa *Who Killed Captain Alex* mwaka 2010, bunduki za vyuma chakavu, helikopta ya kompyuta inayoonekana kabisa ni ya kompyuta, na dunia nzima ikawapenda. Watu wanataka kufurahi. Gambuti ndiyo biashara yako, ndugu.

Fundi Sauti (Kisumu)

Jamaa wa Kondele, ya Wakaliga ilikusudiwa kufurahisha tangu mwanzo. Kuna mtangazaji anayepiga porojo juu ya sinema yenyewe, anamchokoza mtazamaji, anamsifu shujaa kama kwenye mpira. Mtu anacheka pamoja nao. Hapa Nakuru watu waliwacheka hawa vijana. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mtazamaji wa YouTube atayatofautisha haraka kuliko unavyodhani.

Mama Wawili (Section 58, Nakuru)

Nilikuwa ukumbini, safu ya pili, na nilicheka. Lakini vijana wangu, mimi sikucheka gambuti.

Nilicheka pale yule dada anaposikia mlio nje saa nane usiku, anawasha tochi ya simu, anafungua mlango peke yake na kuuliza "Nani?" Rhonda? Kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili, choo kimoja, ukuta mwembamba hata jirani akijigeuza kitandani unajua? Huyo msichana amelelewa wapi?

Mtu wa ploti akisikia mlio usiku hagusi mlango. Anagonga ukuta. "Baba Brayo, umesikia?" Baba Brayo amesikia kitambo, alikuwa anangoja mwingine aseme kwanza. Chumba cha tatu wanazima redio. Chumba cha tano mama anaanza kukemea kwa jina la Yesu. Keateka, msimamizi wa ploti, anapigiwa simu, hashiki. Mlango ukifunguliwa unafunguliwa na watu wanane wenye panga na rungu, na huyo eliani wenu atapigwa mawe kabla hatujajua ametoka sayari gani. Asubuhi picha zake ziko kwenye vikundi vyote vya WhatsApp, na kila kikundi kina maelezo yake.

Ninyi mmechukua tabia za watu wanaoishi peke yao kwenye nyumba kubwa katikati ya msitu, mkazileta kwetu. Ndiyo maana wengine wamemchoka yule dada. Anaigiza vizuri, simkatai, ila hatumjui. Na mtu usiyemjua akiliwa, unaangalia viatu vya anayemla.

Mkitaka kunitisha mimi, fanyeni hivi. Agonge ukuta, Baba Brayo asijibu. Agonge upande wa pili, kimya. Ploti ambayo usiku na mchana haijawahi kunyamaza, leo hata mtoto hakohoi. Yuko ndani, mlango umefungwa, hajaona chochote. Halafu ukuta ugongwe kutoka upande ule mwingine. Mimi hapo ningeshika mkono wa mtu nisiyemfahamu.

Na ile Menengai. Watu wa hapa waliliogopa lile shimo kabla wazazi wenu hawajazaliwa. Kuna mahali panaitwa shamba la shetani. Kuna mapango ambako watu huenda kufunga na kuomba siku kadhaa, wanalia, wananena, usiku kucha. Ninyi mmeangusha chombo kutoka angani kana kwamba palikuwa patupu. Kumbe mngeweza kuniambia hivi: kilio kinatoka pangoni wiki nzima na hakuna anayejali, kwa sababu kila mtu anadhani ni waombaji. Hapo hamtumii hata shilingi.

Karani Mstaafu

Jambo dogo lakini la lazima. Mlichukua leseni ya kurekodi? Na je, filamu imeainishwa? Chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, kuonyesha watu filamu ambayo haijapitia Bodi ya Kuainisha Filamu ni kujitafutia mashtaka, hata kiwe kibanda cha mabati. Kwa damu niliyosikia humo, na watoto wanaingia, huenda ikapewa kiwango cha miaka 16 au hata 18. Shughulikieni kabla ya kuionyesha tena mahali popote.

Omwami wa Mbale

Mama Wawili, mimi nalala peke yangu leo na nyumba yangu imepakana na ya jirani. Asante sana.

Kijana wa Bondeni (Nakuru)

Nimesoma yote, na nimempigia mhariri wetu. Karani, leseni ya kurekodi tunayo, uainishaji bado, Jumatatu tunaanza. Fundi, muziki unatoka.

Mama Wawili, umenikosesha usingizi, ila nina swali. Ukisema ploti nzima, panga, watu wanane, hao ni waigizaji wa kulipwa. Sisi tulimweka dada peke yake kwa sababu tulikuwa na nauli na chakula cha watu wanne tu. Upweke wake ulikuwa wa bajeti.

Fundi Sauti (Kisumu)

Gareth Edwards alitengeneza *Monsters*, ya mwaka 2010, kwa chini ya nusu milioni ya dola, ambazo kwa Hollywood ni hela ya chai. Waigizaji wakuu wawili. Wengine wengi ni watu aliowakuta hukohuko alikokwenda kurekodi, na wale wanyama akawachora mwenyewe kwenye kompyuta baadaye. Ploti mliyorekodia ina wapangaji au haina?

Mama Wawili (Section 58, Nakuru)

Na ile ninayoisema mimi haihitaji watu wanane hata kidogo. Soma tena. Wanane mnawaonyesha mara moja, mwanzoni, wakitoka mbio kwa sababu ya paka juu ya mabati, wakacheka, wakarudi kulala. Tukishawajua, mnawaondoa. Kinachobaki ni dada na ukuta.

Hao wa mara moja ni majirani. Wapikieni.

Jamaa wa Kondele

Sawa nimekubali, ila gambuti msizitupe. Wakati wale wanane wanatoka mbio, soja wa geti awe wa kwanza kufika, amezivaa. Wacheke hapo, yaishe.

Kijana wa Bondeni (Nakuru)

Hiyo nimeichukua bila kubishana. Mhariri naye anasema pale mlangoni tubakize kivuli na ule ute, uliochujwa. Mama Wawili, unaonaje ukiwa yule mama wa chumba cha tano, wa kukemea? Tunarekodi Jumamosi usiku.

Mama Wawili (Section 58, Nakuru)

Jumamosi tuna chama. Jumapili baada ya ibada, na mnirudishe nyumbani kwa gari, si bodaboda.