Naomba ushauri: mchuzi wa mboga uliokolea ladha kwa viungo vichache

mwanajiko (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, ninaomba ushauri kuhusu mapishi ya nyumbani, hasa michuzi ya mboga yenye viungo. Mimi ndiye ninayepika chakula cha jioni kwa watu wanne, wawili kati yao wakiwa watoto wasioweza pilipili, na muda ninaokuwa nao jikoni ni kama saa moja. Nyama tumeipunguza kwa hiari, kwa hiyo mboga na jamii ya kunde ndizo zinazobeba mlo, nami ningependa ziliwe kwa hamu.

Mchuzi ninaoupata sasa una rangi nzuri lakini ni chapwa. Viungo vinasikika juu juu na vina ubichi wa unga, nyanya zinaacha uchachu mkali, na chakula kikishapakuliwa maji hujitenga na mboga kwenye sahani. Nikizidisha bizari ya mchuzi, kinachoongezeka ni uchungu. Nina vitunguu maji, vitunguu saumu, tangawizi, nyanya, manjano, bizari nyembamba, giligilani kavu na tui la nazi la kopo. Je, tatizo ni uchache wa viungo au ni namna ya kuvitumia? Bilinganya, bamia, viazi na mchicha viingie sufuriani wakati gani? Na je, maharage makavu yanaweza kupata nafasi katika saa hiyo moja?

sufuria_nzito

Ndugu, viungo ulivyo navyo vinatosha kabisa, na ningekusihi usinunue kingine chochote mpaka uwe umeumiliki mwanzo wa mchuzi, kwa sababu ladha unayoitafuta hujengwa kabla mboga yoyote haijaingia sufuriani.

Kitunguu ndicho msingi, na ndicho ambacho wapishi wengi hukiharakisha. Karibu asilimia 89 ya kitunguu ni maji, na maadamu maji hayo yapo, joto la kitunguu haliwezi kupanda sana kupita nyuzi 100 za Selsiasi. Rangi ya kahawia na ule utamu mzito hujitokeza kwa kasi joto linapokaribia nyuzi 140, pale sukari na protini zinapokutana na kuzaa harufu ambazo hazikuwamo katika kitunguu kibichi. Mtu anayemimina nyanya mara tu kitunguu kinapolainika anayarejesha maji kabla kazi haijaanza, na baada ya hapo hata akichemsha kwa muda mrefu atapata kitunguu kilichochemshwa. Kwa watu wanne, katakata vitunguu viwili vikubwa vipande vidogo vinavyolingana, pasha vijiko vitatu vya mezani vya mafuta, tia vitunguu pamoja na chumvi kidogo ili vitoe maji mapema, kisha uvipe dakika 15 hadi 20 kwa moto wa wastani. Vikianza kushika chini, nyunyiza kijiko kimoja cha maji na ukwangue kwa mwiko. Ile rangi iliyoshika chini ni ladha, mradi haijawa nyeusi.

Ubichi wa unga unaousikia una sababu yake. Sehemu kubwa ya harufu za viungo huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji, kwa hiyo kiungo kilichonyunyizwa juu ya mchuzi unaochemka hubaki kikielea bila kufunguka. Bizari nyembamba ikiwa nzima, kijiko kimoja cha chai, itangulie ndani ya mafuta ya moto kabla ya kitunguu, kwa nusu dakika hivi, mpaka itoe harufu na kubadilika rangi kidogo. Kitunguu kikishakuwa kahawia, tia vitunguu saumu punje nne na kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole gumba, vyote vikiwa vimetwangwa, na uvikaange kwa dakika moja tu, kwa kuwa kitunguu saumu kikiungua huwa kichungu na uchungu huo hauondoki. Hapo ndipo viingie viungo vya unga: vijiko viwili vya chai vya giligilani na nusu kijiko cha manjano. Vichanganye kwanza na maji kidogo viwe uji mzito, kwa sababu unga mkavu ndani ya mafuta ya moto huungua kufumba na kufumbua. Nashuku uchungu unaoulalamikia unatoka hapa, au katika wingi wa manjano na wa uwatu uliomo kwenye bizari nyingi za mchuzi zilizochanganywa tayari.

Nyanya tatu zilizokatwakatwa huingia mwisho wa hatua hii, nazo zikaangwe, zisichemshwe. Acha sufuria wazi na koroga mpaka zisagike, maji yake yakauke, na uone mafuta yakijitenga pembezoni. Alama hiyo ni ya kuaminika kuliko saa, ingawa mara nyingi huonekana baada ya dakika 8 hadi 10. Rojo lililofikia hapo halitakuwa na uchachu mkali, wala halitaachana na maji kwenye sahani.

mama_wa_watatu

Nakubaliana na mchangiaji aliyetangulia katika mengi, lakini si kila mchuzi unahitaji kitunguu cha kahawia. Mchuzi wa tui, hasa ule wa boga au wa njegere, hupoteza upole wake kitunguu kikienda mbali, na rangi yake huwa ya tope. Kwa michuzi ya aina hiyo mimi huishia pale kitunguu kinapong'aa na kuanza kugusa rangi ya dhahabu. Kitunguu cha kahawia nakiacha kwa viazi, maharage na dengu, ambavyo vina wanga mwingi na vinahitaji kitu kizito cha kuvisimamia.

Kuhusu muda, ndugu mwanajiko, usikaange kitunguu kila jioni. Tengeneza rojo la vitunguu, nyanya na viungo mara tatu au nne ya kiasi unachohitaji siku ambayo una nafasi, lipoze haraka, ligawe katika vyombo vidogo vya mlo mmoja mmoja na uligandishe. Jioni utabakiwa na kazi ya kukata mboga tu. Tui lisiingie katika akiba hiyo, wala mboga za majani.

Kwa ajili ya watoto, pika sufuria yote bila pilipili na uandae ukali kando: pasha mafuta kidogo, katia pilipili, epua, na kila mkubwa ajitilie mwenyewe. Ukali wa pilipili umejaa zaidi katika ule utando mweupe unaoshika mbegu, kwa hiyo ukitaka harufu yake bila moto mwingi, ukwangue utando huo pamoja na mbegu zake. Mtoto akiunguzwa na pilipili mpe maziwa au mtindi, kwa kuwa maji hayaiyeyushi dutu inayowasha.

bustani_ndogo

Naomba nijibu sehemu ya mboga, kwa sababu mboga nne ulizozitaja zina tabia nne tofauti na haziwezi kuingia kwa pamoja.

Viazi huingia mapema, lakini kuna jambo moja linalowasumbua wengi. Uchachu wa nyanya, ukwaju au limau huchelewesha kulainika kwa kuta za chembe za mboga, na ndiyo maana viazi vilivyochemshwa katika mchuzi wenye nyanya nyingi vinaweza kukaa muda mrefu vikiwa na kiini kigumu. Ninavichemsha kando kwa maji ya chumvi mpaka vikaribie kuiva, ndipo ninaviingiza katika rojo vinywe ladha kwa dakika kumi za mwisho. Kimoja au viwili nikiviponda kwa mwiko, mchuzi hushikana bila kuhitaji unga.

Bilinganya lina vinyweleo vingi vya hewa na hufyonza mafuta kama sifongo. Likate vipande vya ukubwa wa lokma, linyunyizie chumvi, lipumzishe nusu saa, likamue na kulifuta. Chumvi hutoa maji na kufanya nyama yake isinyae, hivyo litafyonza mafuta machache likikaangwa. Likaange peke yake kwa moto mkali mpaka liwe na rangi, halafu lirudishe katika rojo dakika tano kabla ya kuepua. Bilinganya lililotupwa bichi ndani ya mchuzi hulegea bila kukolea, na kwa maoni yangu ndiyo sababu watu wengi husema hawalipendi.

Bamia zinataka ukavu. Zioshe zikiwa nzima, zifute mpaka zikauke, ndipo uzikate, kwa sababu ute wake huamshwa na maji. Zikaange katika kikaango kipana kwa moto mkali bila kufunika na bila kuzirundika, kisha zitie katika rojo lililokwisha kukauka. Tone la limau au ukwaju hupunguza ute uliobaki. Hapa uchachu ni rafiki, tofauti na kwenye viazi.

Mchicha uje mwisho kabisa na usifunikwe. Kijani chake huharibiwa na joto la muda mrefu na na asidi, na sufuria ikifunikwa asidi zinazotoka katika majani yenyewe hurudi ndani pamoja na mvuke. Dakika mbili au tatu zinatosha, na limau litiwe mezani.

mwanajiko (mwanzisha uzi)

Nawashukuru sana kwa majibu haya, maana sasa naelewa kwa nini kuongeza bizari hakukunisaidia. Nabakiwa na mambo mawili. La kwanza ni tui, ambalo mara nyingi hukatika na kuwa chengachenga. Mtindi nao hufanya vivyo hivyo. La pili ni lile la maharage makavu, ambalo bado halijajibiwa.

sufuria_nzito

Tui ni matone madogo ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji kwa msaada wa protini. Likichemshwa kwa nguvu, protini hizo hushindwa kazi na mafuta hujikusanya. Tui lililokatika halina madhara yoyote, lakini ulaini wake unakuwa umepotea. Punguza moto kwanza, mimina tui, koroga upande mmoja taratibu, na uache litokote kidogo tu bila kufura. Ukitumia kopo ambalo sehemu nzito imeelea juu, unaweza kuchemshia mboga kwa ile sehemu nyepesi na kuiweka nzito kwa dakika chache za mwisho. Mtindi ni mwepesi zaidi kuharibika: upige uwe laini pamoja na kijiko cha chai cha unga wa dengu, uchanganye na kijiko kikubwa cha mchuzi wa moto ili uzoee joto, na ndipo uumimine sufuriani ukiwa umeshapunguza moto.

Onja chumvi baada ya tui kuingia, si kabla yake, kwa kuwa mafuta hufunika ladha na mchuzi uliokuwa umekolea huonekana chapwa tena. Kama chumvi imetosha na bado unahisi kuna kitu kinakosekana, jaribu matone ya limau kabla hujafikiria kiungo kingine. Majani ya giligilani yakatwe na kutupiwa juu wakati wa kuepua, maana harufu yake haivumilii moto.

msomaji_wa_jikoni

Kuhusu maharage makavu, ninaomba nisisitize usalama kabla ya ladha. Maharage mekundu makubwa yakiwa mabichi au yameiva nusu yana lektini nyingi, protini inayoweza kusababisha kichefuchefu na kutapika sana saa chache baada ya kula. Yaloweke kwa muda usiopungua saa tano, au usiku kucha, mwaga maji hayo, weka mengine, kisha yachemshe kwa nguvu kwa muda usiopungua dakika 10. Wapo wataalamu wanaoshauri dakika 30 kwa uhakika zaidi. Baada ya hapo endelea kwa moto mdogo mpaka yalainike kabisa. Usiyatie mabichi katika jungu la umeme linalopika taratibu, kwa sababu joto la nyuzi 80 hivi haliharibu sumu hiyo na linaweza hata kuiongezea makali.

Kwa saa moja, basi, maharage yaliyolowekwa yanawezekana ukiwa na sufuria ya presha. Kama huna, yachemshe mengi kwa siku moja na uyagandishe, au utumie ya kopo, ambayo yameshapikwa kiwandani. Nyanya ziyafikie yakiwa tayari laini, kwa sababu ileile aliyoieleza bustani_ndogo kuhusu viazi. Kwa jioni usiyokuwa na maandalizi yoyote, dengu nyekundu zilizokobolewa ndizo jawabu, kwani hazihitaji kulowekwa na huiva kwa dakika 15 hadi 20. Zichemshe na manjano, na wakati huo kaanga kitunguu, kitunguu saumu na bizari nyembamba katika kikaango kingine, halafu umimine vyote, pamoja na mafuta yake, juu ya dengu zilizoiva.

mama_wa_watatu

Niongeze moja kwa kuwa sote tumemshauri apike kwa wingi. Rojo au mchuzi uliobaki usilale juu ya jiko. Uhamishie katika vyombo vipana visivyo na kina ili upoe upesi, uingie kwenye friji ndani ya saa mbili tangu kuepuliwa, na uliwe ndani ya siku tatu au nne. Unapoupasha, uufikishe kuchemka hadi katikati, na kama ulitiwa tui, upashe kwa moto mdogo huku ukikoroga, ukiongeza maji ya moto kidogo kidogo mpaka urudi katika wepesi uliokuwa nao.